Akataaye chakula changu, je, amenikataa mimi?

Kwetu mgeni haulizwi habari kabla ya kupewa maji na chakula. Naye mgeni akikataa kula, moyo wa mwenye nyumba huumia. Wengine husema: «Ametudharau.» Wengine huwaza vibaya zaidi: «Anaogopa sumu.» Basi, tuwaze nini juu ya watu ambao dini yao inawakataza vyakula vingi vya mezani petu? Tunataka kuchungua shauri hilo pamoja nanyi, nasi tutaanzia mbali, katika mji wa Los Angeles, huko Marekani.

Katika mji ule kuna mtaa uitwao Pico-Robertson. Wayahudi wengi wanakaa humo, na wengi kati yao asili yao ni Uajemi, nchi iitwayo leo Iran. Jioni moja tulialikwa kula huko, katika nyumba ya chakula ya Wayahudi wa Kiajemi. Ilikuwa nyumba ya kisasa: vioo vikubwa, taa nzuri, vijana wakizungumza na kucheka. Ukutani palitundikwa karatasi ya kushuhudia kwamba jiko linasimamiwa kadiri ya sheria ya Wayahudi. Chakula cha namna hiyo huitwa «kosheri», maana yake kinachofaa.

Walituletea wali wenye zafarani, na ukoko wake juu, wa rangi ya dhahabu. Kwetu ukoko huachiwa watoto. Kwa Waajemi ni heshima ya mgeni. Ukafuata mchuzi wa majani mabichi, maharage na ndimu kavu. Kisha gondi, yaani vidonge vya nyama ya kuku iliyosagwa, vyenye unga wa dengu na iliki. Ndicho chakula ambacho Wayahudi wa Uajemi wamezoea kukila Ijumaa jioni, Sabato inapoingia. Mwisho nyama ya kuchoma. Mmoja wetu akaomba maziwa ya mgando ya kulia nyama, kwani alisikia kwamba Waajemi hupenda hivyo. Mhudumu akajibu kwa upole: «Hapa hayapo, Baba.» Baadaye tukaomba maziwa kidogo ya kutia katika kahawa. Akatabasamu: «Hata hayo hayapo.» Tukaona haya, tukanywa kahawa nyeusi.

Sababu ni nini? Sheria ya Musa inakataza kumpika mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake. Wayahudi wenye kushika dini wametenga kabisa nyama na maziwa: hata sufuria na sahani ni mbali mbali. Mnyama wa kuliwa sharti awe na kwato zilizopasuka, tena awe wa kucheua. Kwa hiyo nguruwe amekatazwa. Samaki sharti awe na mapezi na magamba. Kwa hiyo kambale wetu haliwi, wala viwavi wetu. Damu hailiwi: nyama hulowekwa majini na kutiwa chumvi hata damu itoke. Tena nyumba ile hufungwa tangu Ijumaa jua likichwa mpaka Jumamosi usiku, ijapokuwa ndizo saa ambazo watu wa mjini hupenda kutoka kwenda kula. Mwenye nyumba anapoteza fedha kila juma, naye anajua.

Watu hao si wa jana. Babiloni iliuteka Yeruzalemu yapata mwaka 586 kabla ya Kristu. Baadaye Koreshi, mfalme wa Uajemi, aliwapa ruhusa ya kurudi kwao. Wengi lakini walibaki. Waliishi Uajemi miaka zaidi ya 2,500, wakati wa amani na wakati wa taabu. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1979 wengi walihama. Angalieni jambo moja: walipika wali na mboga za nchi kama jirani zao, lakini sheria ya wazee wao hawakuiacha. Basi asiwepo mtu wa kutuambia kwamba mwenye dini sharti aache vyakula vya nchi yake!

Mtu atasema: «Sisi Wakristu tumewekwa huru. Petro alionyeshwa kule Yope kwamba asikiite najisi alichokitakasa Mungu. Sheria hizo zina maana gani tena?» Ni kweli, hazitufungi sisi. Walakini kuwa huru si kudharau. Someni Kitabu cha pili cha Wamakabayo. Mzee Eleazari, mwenye miaka 90, alilazimishwa kula nguruwe. Rafiki zake walimwambia alete nyama yake ya halali, ajifanye tu kula ile ya mfalme. Akakataa, maana vijana wangedhani kwamba ameasi. Akafa. Wale ndugu saba na mama yao walikufa vivyo hivyo, na Kanisa linawahesabu kuwa wafiadini. Je, tuwaheshimu wale wa zamani, na kumcheka jirani wa leo afanyaye kama wao?

Tena kumbukeni habari ya Antiokia. Paulo alimkaripia Petro mbele ya watu. Kwa sababu ya chakula? Hapana. Kwa sababu Petro alijitenga na ndugu wasio Wayahudi, akaacha kula pamoja nao. Ndiyo tofauti tuliyokuwa tukiitafuta. Kukataa nyama si kosa. Kumkataa mtu ndilo kosa. Yule Myahudi wa Pico-Robertson hawezi kula mezani petu, lakini alifungua meza yake, akatuketisha, akatupa ukoko. Sheria yake inachagua vinavyoingia chunguni, haichagui wanaoketi mezani.

Basi, sisi tufanye nini? Tunao jirani Waislamu, tunao Wakimbangu, nao hawali nguruwe. Tumewasikia watu wanaosimulia kwa kicheko jinsi walivyomtilia jirani mafuta ya nguruwe katika mboga, naye akala pasipo kujua. Huo si mchezo. Ni uwongo, tena ni wizi: umemwibia mtu agano lake na Mungu, naye alikuwa ameamini mkono wako. Mwambie kweli yaliyomo chunguni. Kama chungu chako hakimfai, mpe ndizi katika ganda lake, mketi, mzungumze. Amekula kidogo, lakini hakufukuzwa.

Na sisi wenyewe tujiulize. Mara ngapi tumejinyima nyama Ijumaa ya Kwarezima, na usiku ule ule tukamtafuna jirani kwa maneno? Kinywa kilichofungwa kwa nyama, kikafunguliwa kwa masengenyo, hakijafunga bado.