Mkaguzi Alipomwachia Mkaguliwa Kazi

Jumapili ya Machi 10, 2019, ndege ya Ethiopian Airlines iliruka kutoka Addis Ababa kuja Nairobi. Dakika sita baadaye ilianguka karibu na Bishoftu. Watu wote 157 walikufa, 32 kati yao Wakenya. Ilikuwa Boeing 737 MAX, aina ileile iliyoanguka baharini Indonesia Oktoba 29, 2018 na kuua watu 189.

Mamlaka ya usafiri wa anga imewekwa ili mimi na wewe tupande ndege bila kuikagua wenyewe. Ile ya Marekani, FAA, ilikuwa imewaachia wafanyakazi wa Boeing kuidhinisha sehemu kubwa ya kazi kwa niaba yake. Wakaguzi ni wachache, na mtengenezaji anaijua ndege yake. Nami ningekuwa pale, huenda ningekubali.

Lakini dalili zilikuwepo. Ndani ya ndege hiyo kulikuwa na mfumo uitwao MCAS, ambao uliweza kuinamisha pua ya ndege bila rubani kuuamuru. Ulisikiliza kitambuzi kimoja tu. Kikidanganya, hakuna cha kukikanusha. Vitabu vya marubani havikuutaja. Siku moja kabla ya ajali ya Indonesia, ndege ileile ilisumbua vivyo hivyo angani, ikaokolewa kwa msaada wa rubani wa tatu aliyekuwa amepanda tu kama abiria ndani ya chumba cha marubani. Kesho yake asubuhi ikaruka tena.

Dalili inayoniuma zaidi ni ya Desemba 2018. Wataalamu wa FAA wenyewe walipiga hesabu: mfumo usiporekebishwa, ndege za aina hiyo zingeweza kupata ajali 15 za vifo katika maisha yao yote ya kazi. Hesabu ilikuwa mezani. Marubani walikuwa wametumiwa maelekezo, na ndege zikaachwa ziruke huku marekebisho yakisubiriwa. Miezi minne haikupita kwa usalama.

Baada ya Bishoftu, China ilizizuia ndege hizo Machi 11. FAA, iliyoziidhinisha, ilingoja hadi Machi 13.

Ndugu zangu wakaguzi wa Nairobi, Dar es Salaam na kwingineko, mnapoletewa karatasi iliyokwisha kujazwa na mwenye ndege, tafadhali inukeni mkaitazame ndege yenyewe. Na hesabu ikiwatia hofu, izuieni siku hiyohiyo.