Neno Lililokatwa Mkia

Jioni moja hapa Kamanyola tulitazama daftari la mwanafunzi wa sekondari. Katika insha yake ya Kifaransa tukakuta «bcp» mahali pa «beaucoup», na «pcq» mahali pa «parce que». Ukurasa wa Kiswahili nao ulikuwa na «2ko» mahali pa «tuko». Tulipomwuliza, akajibu kwa upole: «Lakini mmeelewa, wazee.» Kweli tulielewa. Basi, kosa li wapi?

Tusikimbilie kuhukumu. Kufupisha maneno si dhambi, wala si jambo jipya. Juu ya msalaba kanisani twasoma INRI, herufi nne zinazosimama mahali pa maneno manne ya Kilatini: Yesu Mnazareti, Mfalme wa Wayahudi. Ujumbe wa kwanza wa simu ulipelekwa huko Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, na ujumbe mmoja ulikuwa na nafasi ya herufi 160 tu. Maskini aliyebana herufi alibana fedha zake; hiyo ni busara.

Wengine husema kwamba simu yaharibu akili ya mtoto. Lakini wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Coventry, Uingereza, katika taarifa yao ya mwaka 2008, hawakuona kwamba watoto wenye kufupisha walikuwa dhaifu zaidi katika imla. Basi tusitafute kosa mahali lisipokuwapo.

Kosa ni hili: daftari halidai fedha kwa kila herufi. Anayefupisha humo hubana taabu yake mwenyewe, akamtwika msomaji. Rafiki humfupishia rafiki kwa kuwa wamepatana. Msahihishaji wa Mtihani wa Serikali, ulioanza nchini kwetu mwaka 1967, hakupatana na mtu. Hamjui mtoto wetu, haoni uso wake. Ana karatasi tu mbele yake. Na karatasi hiyo imebeba jasho la mama aliyeuza mihogo sokoni apate kulipa karo.

Vijana wa Kamanyola wanajua vema jambo hili kwa ulimi. Akivuka mpaka kwenda Bugarama, kijana husalimu kwa Kinyarwanda. Akirudi, husema Kiswahili. Mbele ya bibi yake hutafuta lugha ya nyumbani. Hakuna aliyemlazimisha. Anamheshimu anayemsikiliza. Kwa nini basi kalamu isiwe na adabu kama ya ulimi?

Ninyi wanafunzi, kabla ya kuandika jiulizeni: nani atasoma? Ninyi walimu, msipige mstari mwekundu tu. Mwambieni mtoto asome kwa sauti alichoandika, akiandike tena kizima. Nasi wazazi tujichunguze, maana sisi pia twawapelekea watoto «slt» mahali pa salamu.

Ajuaye neno zima aweza kulifupisha apendapo. Ajuaye kipande tu hana la kuchagua.