Mwenye Mnyama Mgonjwa

Je, mtu aliye na mnyama mgonjwa yampasa aseme, hata ikiwa kusema kwake kutamfukarisha? Kwako wewe msomaji ukaaye mjini swali hili laweza kuonekana jepesi. Huko Garissa si jepesi hata kidogo.

Mwishoni mwa mwaka 2006 mvua kubwa zilifurika katika nyanda kavu za Kaskazini Mashariki. Kwenye mabonde madogo ya nchi ile mbu hutaga mayai udongoni, na baadhi ya mayai hayo yana virusi vya Homa ya Bonde la Ufa. Hukaa chini ya vumbi miaka mingi, na maji yajapo huanguliwa. Mbu hao huwauma kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia. Mimba huharibika, na wadogo hufa. Mtu naye huupata ugonjwa kwa kuumwa na mbu, na zaidi kwa kugusa damu ya mnyama mgonjwa amchinjapo. Ulikwisha kuua watu Garissa mwaka 1997 na 1998. Mara hii, hata kufikia Machi 2007, watu zaidi ya 150 walikufa katika Kenya.

Serikali ilikataza kuchinja na kuuza mifugo. Amri ilikuwa ya haki. Lakini fikiri: mfugaji hana shamba wala mshahara, mbuzi ndiye unga wake na karo ya mwanawe. Tena Idi ya Kuchinja iliangukia mwisho wa Desemba ileile!

Wako wasemao kwamba mfugaji ni mjinga. Mimi siafiki. Wasomali wana jina lao la ugonjwa huu, sandik, kwa sababu ya damu itokayo puani mwa mnyama, nao waliziona mimba zikiharibika kabla daktari hajafika. Walijua, hawakuulizwa mapema.

Hata hivyo, amwuzaye mbuzi mgonjwa kwa siri humtia mchinjaji mikono katika hatari asiyoijua. Umaskini haumpi mtu ruhusa hiyo. Lakini nasi tulao nyama kwa amani, tukimtaka apoteze mali yake kwa ajili ya usalama wetu pasipo fidia, twamdai sadaka ambayo sisi wenyewe hatuitoi.

Chanjo ya mifugo ipo, na kazi yake ni kuitangulia mvua. Mara ile ilianza kutolewa Januari 2007, wanyama wakiwa wamekwisha kufa.