Kodi Iliyosamehewa, Je, Ni Zaka?



Katika darsa letu la fiqhi liliulizwa swali ambalo wengi walilijibu upesi kuliko lilivyostahili. Mtu ana vyumba vya kupangisha hapa Kampala. Mpangaji wake mmoja, mjane anayeuza chapati, amekwama na kodi ya miezi mitatu, shilingi 150,000 kila mwezi. Mwenye nyumba ana akiba ya shilingi milioni 40 iliyopitiwa na mwaka, kwa hiyo zaka yake ni milioni 1. Je, aweza kumwambia mjane, "Nimekusamehe 450,000," kisha akatoa 550,000 tu na kusema zaka imetimia?

Aliyeuliza ni mwanafunzi mwenzetu. Vyumba ni vya baba yake, na ada yake ya chuo hutoka humo. Nalitaja hilo kwa sababu si yeye peke yake. Wako wengi kati yetu wanaosomeshwa na kodi za watu maskini, na hakuna haramu ndani yake. Ila swali linatuhusu sisi, si mababa zetu tu.

Waliosema inafaa walikuwa na hoja: mjane ni maskini, ana deni, na deni limeondoka. Tena wana wanazuoni nyuma yao, miongoni mwao Hasan al-Basri na Ata', na baadaye Ibn Hazm wa Andalusia. Lakini wanazuoni wengi wa madhehebu manne hawakulikubali hilo, na Imamu Nawawi, ambaye sisi wafuasi wa Shafi humrejea sana, ameona kauli ya kutofaa ndiyo yenye nguvu. Zaka ni kutoa na kumilikisha. Hapa hakuna kilichotolewa. Mtu amefuta deni ambalo pengine asingelipwa kamwe, akalihesabu kuwa ibada. Kwa maneno mengine, ametumia haki ya fakiri kuziba hasara yake mwenyewe.

Hata hivyo Nawawi anaacha mlango. Mwenye nyumba akimpa mjane zaka mkononi bila kumwekea sharti la kuirudisha, na mjane kwa hiari yake akailipia deni, inafaa. Akimwekea sharti, haifai.

Utaniuliza: tofauti iko wapi, ikiwa fedha ni zile zile na huenda zikarudi mfuko ule ule? Tofauti iko katika muda ule mjane anapozishika. Anaweza kununua gunia la unga ili biashara isife. Anaweza kumpeleka mtoto hospitali, akalipa kodi ya mwezi mmoja na kuomba muda kwa iliyobaki. Kwa muda huo yeye ndiye mwenye mali, anaamua kama watu wengine wanavyoamua. Kodi ikifutwa juu ya daftari hana la kuamua, anaarifiwa tu. Nadhani hili ndilo la kuuliza kuhusu kila msaada wa makazi, uwe wa msikiti au wa serikali: unamsaidia mpangaji, au unalinda mapato ya mwenye nyumba kwa jina la mpangaji?

Kuhusu kumngojea, hilo halina mjadala. Aya ya 280 ya Suratul Baqara inaamuru mdaiwa mwenye dhiki apewe muda mpaka apate wasaa, na inaonyesha kwamba kumsamehe ni sadaka iliyo bora zaidi. Basi mwenye nyumba ana mambo mawili, subira na zaka, naye anataka kulipa moja kwa yote mawili.

Wale wanaoishika kauli ya Ibn Hazm nawaomba wamfuate mpaka mwisho. Katika al-Muhalla, bwana huyu anasema matajiri wa kila nchi wanawajibika kwa mafakiri wao hata zaka isipotosha: chakula, nguo za baridi na za joto, na makazi ya kuwakinga na mvua, jua na macho ya wapita njia. Macho ya wapita njia! Hapo nilisimama kusoma.

Kwa Kiganda chumba kimoja cha kupanga huitwa muzigo, na ajuaye Kiswahili hawezi kuacha kutabasamu, maana ni mzigo kweli. Pazia hutenganisha kitanda na jiko. Mlango hufunguka moja kwa moja kwenye njia ya watu, choo ni cha ua mzima, na kule Bwaise mvua ikinyesha sana maji ya mtaro huingia ndani. Ukiweka chumba hicho mbele ya masharti matatu ya Ibn Hazm, kwanza mvua, kisha jua, kisha macho, sijui kinafaulu lipi. Mwenye kuchukua fatwa yake ya kusamehe deni achukue na hii.

Sheria ya nchi imefanya sehemu yake. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 2022 inazuia kodi kupandishwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na inakataza kumtoa mtu bila amri ya mahakama. Lakini inadai mkataba wa maandishi pale thamani inapofika shilingi 500,000, na wapangaji wengi wa muzigo wana neno la mdomo tu. Muuza chapati ataanzia wapi kwenda mahakamani?

Jumuiya yetu hugawa mchele na sukari kila Ramadhani. Ni jambo jema, ila mchele haumzuii mtu kufungiwa mlango. Umar bin Abdulaziz aliamuru madeni ya waliolemewa yalipwe, na alipoulizwa kuhusu mdaiwa mwenye nyumba, mtumishi, farasi na vyombo, alisema hivyo ni vya lazima kwake, alipiwe. Muuza chapati hana hata kimoja.

Nimependekeza kwa kamati kwamba mwaka huu sehemu ya sanduku la zaka iwafikie wapangaji wenye madeni, wapewe wao wenyewe, wala si wenye nyumba. Mweka hazina ameniuliza tutajuaje kama kweli watalipa kodi. Nimemjibu kwamba hatutajua, na kwamba sioni kama ni haki yetu kujua. Kamati inakutana tena wiki ijayo.