Baada ya Muujiza, Chakula

Somo: Marko 5:35–43 na 1 Wafalme 19:1–8
Neno la Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi

Kwa wale ambao hamkuwa nasi Jumapili kwa sababu ya zamu kazini au safari, hili ndilo neno tulilopata. Nimeliandika karibu na jinsi nilivyolisema madhabahuni. Pale nilipozunguka sana nimejikata.

Binti Yairo alikuwa na miaka 12. Baba yake alimfuata Yesu akiwa na haraka, njiani wakacheleweshwa, halafu watu wakaja na habari kwamba mtoto amekwisha kufa, Mwalimu asisumbuliwe zaidi. Yesu akaenda hivyo hivyo. Akawatoa nje waombolezaji, akabaki na wazazi na wanafunzi watatu, akamshika mtoto mkono. Mtoto akasimama, akatembea.

Sasa nisikilizeni hapa. Mimi ningekuwa pale, ningeita kwaya. Ningeomba ushuhuda, na nadhani sadaka ya shukrani ingefuata. Yesu aliagiza mambo mawili tu: jambo lile lisitangazwe, na yule mtoto apewe chakula.

Sura hii nimeisoma tangu nikiwa mdogo, na nimeihubiri mara nyingi, lakini siku zote niliishia pale mtoto anaposimama. Lile agizo la chakula nililiona kama maneno ya kufungia hadithi. Lakini hebu fikirini. Aliyeweza kumfufua mtoto asingeshindwa kumshibisha kwa neno moja. Hakufanya hivyo. Kufufua alikufanya mwenyewe, kupika akawaachia wenye nyumba.

Jambo hili nimelijua mwaka huu, na nimelijua kwa aibu.

Dada mmoja wa ushirika wetu anatibiwa kansa ya titi. Ameniruhusu nieleze haya bila jina lake, na alisoma ukurasa huu kabla haujachapwa. Sisi ni wachache hapa Kizingitini, najua wengi mtamjua. Mwenyewe amesema hana neno, ila msimfuate na maswali baada ya ibada.

Krismasi iliyopita nilikwenda kumwona saa saba mchana, jua kali, na sahani ya pilau imejaa mpaka juu. Nyama ya ng'ombe, kachumbari, pilipili pembeni. Nilikuwa nimejipongeza njia nzima. Alikuwa ametoka kupata dawa za kemo Mombasa siku chache nyuma, na kinywa chake kilikuwa na vidonda. Mimi hilo sikuuliza. Nilipoona anaitazama ile sahani tu, nikamwambia, "Dada, kula kwa imani." Akala vijiko vitatu kwa heshima yangu. Halafu akaomba udhuru, akaingia ndani, na nikamsikia akitapika. Mimi niliendelea kuzungumza na mumewe habari za boti.

Jioni ile ile jirani yake, mama wa Kibajuni, Mwislamu, alimtuma mwanawe mlangoni mikono mitupu. Mtoto hakuleta chakula, alileta swali: mama anauliza, leo kinywa kikoje, na kitu gani kinapita? Jibu liliporudi, ndipo ikaja bakuli ndogo yenye kifuniko, ndani bokoboko laini, ngano na kuku vilivyopondwa pamoja, bila pilipili, imepoa kidogo. Dada yetu akala yote, bakuli ikarudi tupu.

Nina shahada ya biashara, jamani. Mwaka wa kwanza kabisa tulifundishwa kwamba usilete bidhaa kabla hujamuuliza mteja anataka nini. Mama yule hakusoma biashara.

Na bado sijamaliza aibu yangu. Januari tulipoingia kwenye mfungo wa siku 21, dada huyu aliniuliza afanye nini. Nilimjibu, "Ukiweza, shika hata nusu siku, Bwana ataona moyo wako." Jibu la mtu asiyetaka kuonekana ana imani ndogo. Yeye naye hakutaka kuonekana hivyo, akafunga mchana kutwa, siku baada ya siku. Alipofika Mombasa kwa dozi iliyofuata akapimwa uzito na damu, kama wanavyofanya kila mara, akaambiwa mwili haujawa tayari, dozi isogezwe mbele. Wiki nzima ya kulala kwa watu na kula nauli ya kurudi. Sisemi mfungo peke yake ndio ulioleta hayo, maana dawa zenyewe hushusha damu. Lakini uzito ulikuwa umeshuka, na mimi nilikuwa nimeusaidia kushuka. Nimemwomba msamaha nyumbani kwake, na Jumapili nimemwomba mbele ya kanisa.

Ndiyo maana nimewaletea na Eliya. Nabii yule alikimbia mpaka jangwani, akaketi chini ya mretemu, akaomba afe. Akalala. Malaika akaja. Wapendwa, malaika hakumhubiria, wala hakumwuliza imani yake iliyoshusha moto Karmeli imekwenda wapi. Alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa kwenye makaa na maji ya kunywa. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika hakukasirika kwamba amelala. Akarudi mara ya pili na chakula kile kile, na safari hii akampa sababu: njia iliyo mbele ni ndefu, huiwezi hivi ulivyo. Kwa nguvu ya chakula kile akatembea siku 40 mpaka Horebu.

Mgonjwa wetu njia yake mnaijua. Boti alfajiri kutegemea maji ya Mkanda, Lamu, kisha Mokowe, kisha basi mpaka Mombasa, kisha foleni ya Hospitali ya Rufaa ya Pwani. Wengine wanakwenda mpaka Kenyatta, Nairobi. Hiyo ni safari kabla ya matibabu yenyewe. Mtu haitembei kwa maombi yetu peke yake, maana hata nabii hakuitembea hivyo.

Sasa Krismasi imefika. Wiki hii nimekaa na kina mama wanaopika, na muuguzi mmoja wa ushirika wetu amenisahihisha mahali pengi. Nawapa tuliyokubaliana.

Kwanza ni swali, kama la yule mtoto mlangoni. Kansa si ugonjwa mmoja, na tumbo la leo si la jana. Mwenye vidonda kinywani, pilipili, ndimu, ukwaju, chumvi nyingi na vitu vya kukwaruza kama bhajia kavu vinamchoma. Mwenzake hana vidonda ila kila kitu kwake kina ladha ya chuma. Huyo tone la ndimu kwenye samaki linamsaidia, na kijiko cha mbao au plastiki ni bora kuliko cha chuma. Mwingine tumbo limefunga kwa sababu ya dawa za maumivu, anahitaji papai na maji ya kutosha. Mwingine linaendesha, na papai hilo hilo litamuumiza. Mwenye kansa ya koo la kupitisha chakula anahitaji kilichosagwa kikawa laini kama uji mzito, na akianza kukohoa au kupaliwa kila anapomeza, acheni, mkaulize hospitali. Hakuna sahani moja ya wagonjwa wote.

Pili, kidogo, mara nyingi. Sahani iliyojaa humchosha mgonjwa kabla hajaigusa. Mpe kisahani, urudi baada ya saa mbili. Malaika alikuja mara mbili, sisi tunaweza kuja mara tano au sita. Na maji mengi yasitangulie chakula, yatajaza tumbo bure.

Na kidogo hicho kiwe na nguvu ndani yake. Hapa Mungu ametubariki, hatuhitaji vya kuagiza. Samaki tunao. Changu au tafi aliyechemshwa, akatolewa miba yote kwa mkono, akalainishwa kwa tui, huo ni ujenzi wa mwili. Kaskazi imeingia, wavuvi wanaleta kamba mawe na pweza, lakini pweza mwacheni, hata mwenye meno yote kumtafuna ni kazi. Mbaazi za nazi zilizopondwa. Boga au viazi vitamu vilivyopondwa na tui. Yai lililoiva sawasawa, si la maji maji. Uji wenye maziwa na kijiko cha siagi ya njugu. Wali uwe laini, ule wa kuwapikia watoto, na mchuzi wake. Na anayetamani pilau, kwa nini akose? Mpikie kisufuria chake kidogo, mchele ulainike, viungo viwe kidogo, kuku achambuliwe nyuzi nyuzi. Mgonjwa naye anataka kuonja sikukuu. Embe zimejaa msimu huu, na kwa asiye na vidonda embe lililoiva ni furaha.

Harufu, kina mama, harufu! Kitunguu kinachokaangwa kinaweza kumfukuza mgonjwa mezani kabla ya kula. Pikeni mbali na anapolala, kwa nyumba ya jirani ikibidi. Chakula cha vuguvugu hakinuki kama cha moto. Chai nyepesi ya tangawizi huwatuliza wengine kichefuchefu.

Kuna jambo lingine ambalo sikulijua kabisa. Dawa za kemo hupunguza askari wa mwili, na chakula kinachotusumbua sisi siku moja kinaweza kumlaza yeye wodini. Kwetu sikukuu ni sinia moja, mikono kumi. Ni upendo, siupingi. Lakini mgonjwa apakuliwe wa kwanza, moja kwa moja kutoka sufuriani, kwa chombo chake safi, kabla sinia halijaguswa. Mwambieni wazi kwamba hamjamtenga, mmemtanguliza kama mgeni wa heshima. Maji ya jabia yachemshwe. Maziwa yachemshwe. Matunda yaoshwe kwa maji yaliyochemshwa na kumenywa. Na chakula kilichopikwa asubuhi kikakaa katika joto letu mpaka jioni, tafadhali, msimpelekee. Zaidi ya saa mbili nje, si chake tena.

Mtaniuliza habari za sukari. Nimeulizwa na watu watatu tayari. Kuna maneno yanazunguka kwenye simu kwamba sukari inalisha kansa, kwa hiyo mgonjwa anyimwe chai ya sukari, wali, hata matunda. Daktari wa dada yetu alimweleza hivi: seli zote za mwili hutumia sukari, nzima na mbovu, na kumnyima mtu chakula hakuui kansa, kunamkondesha mgonjwa. Aliye na kisukari ana maagizo yake, ayafuate. Wengine wote, mgonjwa aliyekonda akitamani mahamri mawili kwa chai ya maziwa, mungu gani mnamtumikia mkimnyang'anya? Ila dawa za mitishamba, na hata vidonge vya vitamini vya kununua, asitumie kabla daktari wake hajajua, maana vingine vinagombana na matibabu. Balungi nalo aulizie, linaingilia baadhi ya dawa.

Na siku ambayo haliki kitu, msimlazimishe. Msimwambie "kula kwa imani". Msimhesabie vijiko mbele ya wageni. Kaeni naye. Ikipita siku nzima hata maji hayakai tumboni, au akipata homa, hapo msingoje sikukuu iishe. Faza kuna hospitali, mpelekeni.

Sasa mfungo wa Januari. Nimezungumza na Mchungaji na tumekubaliana. Yeyote aliye kwenye matibabu ya kansa hafungi, hata nusu siku, mpaka daktari wake aseme. Hatutamwuliza wala kumwangalia vibaya akinywa uji katikati ya maombi. Akitaka kushiriki, tutamletea uji huo sisi wenyewe. Kama kuna mtu ana neno juu ya hili, anifuate mimi, asimfuate mgonjwa.

Nehemia aliwatuma watu makwao siku takatifu wakale vinono na kunywa vitamu, na akawaagiza wawapelekee sehemu wale wasioandaliwa kitu. Kwa hiyo tumepanga sehemu. Katika ushirika na majirani tunao wanne tunaowajua, wawili si wa imani yetu. Kwa hao nyama iwe iliyochinjwa kwa utaratibu wao, na tutauliza nyumba zao kwanza kama wangependa tulete. Wakisema hapana, basi ni hapana, na salamu zetu zifike.

Kina mama watakutana Jumanne alasiri nyuma ya kanisa. Kila mgonjwa ana mtu mmoja wa kumuuliza kinywa kikoje, asubuhi ya Krismasi, kabla jiko halijawashwa. Leteni bakuli ndogo zenye vifuniko, si sahani kubwa. Vijana wawili wenye miguu myepesi tunawahitaji kupeleka vikiwa bado vya vuguvugu. Mimi nimepewa kazi ya kuchambua miba ya samaki, na mama yule jirani ameahidi kupitia kutufundisha bokoboko yake.