Je, Kabati la Nguo Lapigiwa Hodi?

Mtu akiwa anatengeneza chumba chake cha kulala, mazungumzo yake na seremala juu ya kabati la nguo huwa marefu kuliko yale ya kitanda. Liwe la milango miwili au mitatu? La mninga au la mbao za bei nafuu? Kioo kikae nje, au nyuma ya mlango? Maswali haya yote ni ya haki, nasi tutayagusa kidogo. Lakini liko swali moja ambalo seremala haulizi, kwa kuwa si kazi yake, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Kabati hilo ni la nani, na nani ana ruhusa ya kulifungua?

Yamkini wengine watacheka. Watasema kabati ni la mwenye nyumba, kwisha maneno. Wengine watasema mume na mke ni mwili mmoja, na mwili mmoja hauhitaji rafu mbili. Tumeyasikia majibu haya mawili kwa watu wazima wenye busara zao, wala hatuyadharau. Hata hivyo twaona hayatoshi, na tungependa kueleza kwa nini.

Wengi wetu tuliosoma shule za bweni, na baadaye chuo cha ualimu, tunalikumbuka tranka la bati. Lilikaa chini ya kitanda, lina kufuli ndogo, na ufunguo wake ulining'inia shingoni kwa uzi. Bwenini mtu hakuwa na kitu chake. Kitanda ni cha shule, godoro ni la shule, hata usingizi ulikuwa wa kengele. Tranka tu ndilo lililokuwa lake, na ndani yake mlikuwa na shati la akiba, kipande cha sabuni, barua za nyumbani, na pengine karanga alizofunga mama. Siku ya ukaguzi mwalimu wa zamu alipita kitanda kwa kitanda, na kila mwanafunzi alisimama kando ya tranka lake akalifungua mwenyewe. Jambo hilo tuliangalie vizuri. Mwalimu alikuwa na haki ya kuona, lakini mwenye kufungua alikuwa mwenye tranka. Yule mwalimu aliyevunja kufuli wakati mtoto yuko darasani, hata kama alikuta kitu kilichokatazwa, alipoteza kwa bweni zima kitu ambacho hakukipata tena hadi mwisho wa muhula.

Wala tusidhani kwamba haja ya mtu kuwa na mahali pake imeletwa na shule, au na wageni. Katika nyumba za mawe za Lamu, zile za karne ya 18, chumba cha ndani kina zidaka ukutani, safu juu ya safu, zimenakshiwa kwa chokaa. Vitu vya thamani vya nyumba viliwekwa humo. Na huko Unguja na pwani yote lilikuwako kasha, lile lililopigwa njumu za shaba, ambalo mengi yalitoka Bara Hindi kwa majahazi. Mwanamke aliweka ndani yake nguo zake zilizofukizwa udi, na mapambo yake. Makasha mengi yana kijisanduku upande mmoja kwa ndani, na ukijua pa kubonyeza au pa kuvuta, utaona pana mahali pengine pa siri chini yake. Fundi hakupachonga hapo kwa kukosea. Watu wa zamani walijua kwamba hata ndani ya nyumba ya ndugu wanaopendana, mtu ana vitu ambavyo si vya kila jicho.

Hapa pana neno katika Biblia ambalo limewachekesha vijana wetu. Wenye kusoma ile tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 wataona kwamba katika Mathayo sura ya 6, mahali ambapo yetu inataja chumba cha ndani, yao imetumia neno ambalo siku hizi Wamarekani huliita kabati la nguo. Kijana akisoma hudhani mtu ameagizwa aingie katikati ya makoti akasali. Lakini neno la Kiyunani lililotumika hapo lina maana ya ghala, chumba cha ndani cha kuwekea akiba. Basi kwa watu wale, chumba cha kuwekea vitu na chumba cha mtu kuwa peke yake kilikuwa kimoja. Sisi twaona hawakukosea.

Tuje kwenye shaka kubwa, maana ipo. Mtu atasema: kabati lenye kufuli huzaa siri, na siri huvunja nyumba. Mume huficha barua, mke huficha fedha, kijana huficha mambo mabaya zaidi. Ni kweli mambo hayo hutokea. Lakini tujiulize, je, ni kitasa kilichoyaleta? Mwenye nia ya kuficha hahitaji kabati. Ataficha dukani, au kwa rafiki, na siku hizi ataficha ndani ya simu iliyo mkononi mwake huku mmekaa meza moja. Siri mbaya ni ile inayomdhuru mwenzako akiwa hajui. Barua za marehemu mama yako, nguo za mtoto aliyefariki, shati lililochakaa usilotaka kulitupa wala kuulizwa habari zake, hivyo havimdhuru mtu. Kuchanganya mambo haya mawili ni kosa, nalo huwapata hasa watu wenye mamlaka nyumbani, kwa kuwa mwenye mamlaka hupenda kuona kila kitu.

Sisi Waswahili tunayo adabu moja nzuri, hodi. Mlango ukiwa wazi kabisa, hata kama mwenyeji anaonekana ameketi, mgeni husimama nje akabisha hodi, akangoja karibu. Hapigi hodi kwa sababu mlango umefungwa. Hupiga kwa sababu nyumba ina mwenyewe. Maoni yetu ni kwamba adabu hiyo haina sababu ya kuishia kizingitini. Mume anayetaka kitu katika rafu ya mkewe na aseme, "Mama fulani, naomba nichukulie," au "Naweza kufungua?" Na mke naye afanye vivyo hivyo. Maneno haya hayagharimu senti moja. Tena nyumba yenye mazoea hayo mara nyingi haihitaji kitasa.

Lakini liko jambo zito zaidi, nalo ndilo lililotusukuma kuyasema haya mbele ya watu. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa matangani, katika nyumba ambayo hatutaitaja. Siku ya tatu baada ya maziko, wakubwa wa upande wa marehemu walimwomba mjane ufunguo wa kabati, ati watazame karatasi. Mjane akautoa. Karatasi zilipatikana mara moja, lakini mikono haikukoma. Zikatoka suti, likatoka blanketi la sufu, zikatoka shuka. Kisha zikatoka doti tisa za kanga, nyingine hazijakatwa bado, zimekunjwa zikiwa mbili mbili kama zilivyotoka dukani. Hizo alipewa na mama yake na shoga zake, moja moja, kwa miaka mingi. Mama mmoja aliposema hizo si za marehemu, alijibiwa kwa upole kabisa: "Zimekutwa katika kabati la ndugu yetu." Nasi tuliokuwapo hatukuwa na la kuonyesha, maana kabati lilikuwa moja, nguo za wote wawili zimechanganywa, na kila mtu alilijua kwa jina la marehemu.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, hapa kwetu Tanzania, inaeleza kwamba ndoa peke yake haihamishi mali ya mke kuwa ya mume, wala ya mume kuwa ya mke. Ni sheria njema. Lakini sheria haihudhurii matanga siku ya tatu. Hufika baadaye sana, na kwa nauli ya mjane mwenyewe. Kinachokuwapo siku ile ni kabati lilivyo na watu walivyozoea kulitaja. Hatudai kwamba rafu iliyotengwa itamzuia mwenye tamaa. Ila itamnyang'anya neno lile la upole. Kama miaka yote ndugu wamesikia ikisemwa ndani ya nyumba ile, "upande huu ni wa mama, huu ni wa baba, na hapa katikati ni pa wote," basi mwenye kutia mkono upande wa mama atajua, na wote watajua, kwamba anachukua.

Kwa sababu hiyo twashauri kabati la chumba cha wawili ligawanywe tangu siku ya kuchorwa. Mpe seremala vipimo vyako mwenyewe. Usimwachie akuletee kabati kama la jirani. Fungua nguo zako zote, ziweke kitandani, uone ni zipi za kutundika na zipi za kukunja. Mwanamke mwenye kanga na vitenge vingi anahitaji rafu kuliko fito ya kutundikia. Rafu zikiachana sentimita 30 hivi, doti hazianguki wala hazisagiani. Mwenye mashati na suti anahitaji hanga, ambazo wengine huziita viango, na kwa hizo kabati liingie ndani sentimita 55 hadi 60, la sivyo mlango utabana mikono ya koti. Shati litatosha katika urefu wa mita moja na kitu. Kanzu au gauni refu hutaka mita moja na nusu au kupita kidogo. Katikati kaa na droo za wote: shuka, taulo, na moja ya karatasi. Kiini cha mninga na cha mvule huwashinda mchwa, lakini msonobari usiotiwa dawa ni chakula chao. Mnaokaa pwani acheni nafasi ya vidole vinne kati ya kabati na ukuta hewa ipite, kwa maana koga haina adabu. Na nondo msimsingizie kwa kila tundu. Ni funza wake anayekula, na hupenda sufu na manyoya; kanga safi ya pamba haimvutii.

Watoto wasisahauliwe. Mtoto anayeanza shule apewe rafu moja anayoifikia kwa mkono wake, naye aambiwe kwamba ni yake, kuipanga ni juu yake, na mama hataipekua bila kumwita. Tumefundisha watoto kwa miaka mingi, na twaweza kusema kwamba yule ambaye vitu vyake huheshimiwa nyumbani hujifunza upesi zaidi kutogusa dawati la mwenzake. Mzazi ana wajibu wa kumlinda mtoto, na upo wakati wa kutazama. Hapo afanye kama siku ile ya ukaguzi bwenini: amwite mtoto, afungue mwenyewe.

Sasa tumfikie mtu ambaye katika nyumba nyingi hana rafu hata moja. Msichana wa kazi hukunja nguo za watu wote, huzipiga pasi, hujua kila soksi inakaa wapi, na za kwake ziko katika kiroba nyuma ya mlango wa chumba cha watoto. Watoto hukivuta wakicheza. Akiomba ruhusa ya kwenda kwao, kiroba hicho humwagwa sakafuni mbele ya watoto hao hao, ionekane kama hakuchukua kitu. Na kitambulisho chake amekishika mama mwenye nyumba, ati asitoroke. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 189, uliopitishwa mwaka 2011, unataka mfanyakazi anayelala nyumbani kwa mwajiri awe na makao ya heshima yenye faragha, na karatasi zake za utambulisho azishike mwenyewe. Ila twadhani Mkristo, au mtu yeyote aliyewahi kulala bwenini, hakupaswa kungoja mkataba. Kitu kikipotea, mwajiri ana haki ya kuuliza. Aulize faraghani, na binti afungue kwa mkono wake mwenyewe.

Wapo watakaosema nafasi haipo, nyumba ni ndogo, chumba kimoja na sebule. Twajua, nasi tumekaa katika vyumba hivyo. Lakini sanduku la mbao la sentimita 60 kwa 40, lenye bawaba mbili na komeo, hukaa chini ya kitanda chochote, na seremala hulitoa katika vipande vilivyobaki baada ya kutengeneza kabati kubwa. Mwambieni alitengeneze siku hiyo hiyo, kwa mbao ile ile na vanishi ile ile.

Kufuli mpya huja na funguo mbili au zaidi. Ya droo ya karatasi, mmoja awe na baba, mwingine awe na mama. Ya upande wa kila mmoja, wakubaliane wao wawili. Ya sanduku la binti wa kazi, apewe zote.