Toa Shuka, Piga Ngoma

Unangoja nini?

Dramu zako ziko sebuleni, zimefunikwa shuka tangu mwezi uliopita. Unangoja studio yenye kuta za sponji? Unangoja maiki kumi na mbili?

Nani kakwambia zinahitajika kumi na mbili?

Bendi ya roki ya Led Zeppelin iliingia Headley Grange, nyumba kuukuu huko Hampshire, Uingereza, iliyojengwa 1795 kuwahifadhi maskini. Dramu za mpiga ngoma wao, John Bonham, ziliwekwa ukumbini, chini ya ngazi. Fundi sauti Andy Johns akatundika maiki juu, kwenye ngazi hiyo hiyo.

Maiki mbili!

Mwaka 1971 wimbo ukatoka, When the Levee Breaks, na mafundi bado wanausaka mlio ule. Ndiyo, nje ya nyumba kulikuwa na lori la mitambo ya kurekodia. Lakini mwangwi haukutoka kwenye mitambo peke yake. Ulitoka pia kwenye ngazi.

Wewe huna ngazi? Korido je? Umeshapiga makofi katika kila chumba ukasikiliza kinavyojibu?

Hujapiga. Piga leo.

Dari yako iko chini na matoazi yanakera? Tandika zulia. Egemeza godoro ukutani. Maiki mbili za juu zipime kwa kamba: kutoka katikati ya snea hadi kila maiki, urefu ule ule. Sauti hukimbia kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo maiki moja ikizidi kwa sentimita 34 tu, sauti inaifikia milisekunde moja baadaye, na snea inakonda. Kamba! Hata kamba huna?

Maiki ya tatu iweke kwenye ngoma kubwa ya mguu. Unapochanganya, usikimbilie kompresa. Geuza kwanza polariti ya maiki hiyo, sikiliza pande zote mbili, baki na upande wenye besi nene.

Una simu peke yake? Rekodi. Sogea hatua moja nyuma. Rekodi tena. Mara ishirini, mpaka snea isimezwe na matoazi. Sikio lako lina uwezo mkubwa, ila umelilaza.

Liamshe!

Jirani atalalamika? Nenda umwombe muda wa saa moja tu mchana, kwa heshima. Akikubali saa kumi, saa tisa na nusu uwe umeshapima kamba.

Sasa toa shuka hilo.